Maombi ya faragha yakipoa: dalili, visababishi na marekebisho

Malalamiko kuhusu maombi ya faragha yanafanana kila mahali, awe Mlutheri wa Moshi, Mkatoliki wa Mwanza au Mpentekoste wa Kisumu. Nasinzia. Mawazo yanahama. Narudia maneno yale yale. Sisikii kitu moyoni. Nimeacha, na sijui nianzie wapi. Jibu la kwanza analopewa mlalamikaji nalo limezoeleka: adui anakushambulia, au una dhambi mahali fulani. Yote mawili yanawezekana, na la dhambi litafika zamu yake huku chini. Lakini mara nyingi zaidi chanzo ni usingizi mfupi, simu iliyo mkononi, au kupiga magoti bila andiko lolote la kuanzia. Hayo ndiyo ya kukagua kwanza, maana yanakaguliwa kwa dakika chache. Anayefunga siku tatu kukemea roho ya usingizi, huku kila siku analala saa 7 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, atabaki na usingizi wake, na njaa juu.

UKAGUZI WA KUANZIA

Kabla ya kutafuta dalili yako, chukua karatasi ujibu haya matano kwa maandishi. Usijibu kichwani, kichwani mtu hujipendelea.

1. Wiki hii umelala saa ngapi kwa usiku mmoja, kwa wastani?
2. Ulipokuwa ukiomba jana, simu ilikuwa wapi?
3. Ulianza na andiko gani, au ulianza tu?
4. Tatizo lilianza lini, na ni kitu gani kingine kilibadilika mwezi huo? Kuhama nyumba, mtoto kuzaliwa, kazi ya zamu, msiba, dawa mpya, uchumba kuvunjika.
5. Hamu iliyopungua ni ya maombi peke yake, au hata ya chakula, kazi, watu na mambo uliyoyapenda?

Swali la tano ndilo zito. Kama hamu imekwisha kwa kila kitu, na hali hiyo imefikisha wiki mbili, ruka sehemu zote nenda moja kwa moja mwisho, penye kichwa "Pa kusimama na kumwita mtaalamu".

Kanuni moja ya kazi: badilisha kitu kimoja, kaa nacho siku 7, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha saa, mahali na mtindo kwa mpigo, hali ikipona hutajua kilichoiponya, na ikirudi kuharibika utaanza upya gizani.

DALILI: NASINZIA NIKIANZA TU

Chanzo cha kwanza, kwa mbali, ni deni la usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Anayetaka kuomba saa 11 alfajiri anapaswa awe amelala saa 4 usiku, kwa hiyo marekebisho ya maombi ya alfajiri yanafanyika jioni: tamthilia izimwe, kuchati kuishe. Mkesha nao una gharama yake. Aliyekesha kanisani Ijumaa alipe usingizi wake Jumamosi. Asipoulipa, mwili utaudai wenyewe Jumapili katikati ya mahubiri.

Cha pili ni mkao. Kupiga magoti kando ya kitanda, uso ukiwa juu ya godoro, taa imezimwa, blanketi mabegani: hapo umejiandaa kulala. Washa taa. Nawa uso. Simama, au tembea hatua kumi kwenda na kumi kurudi. Toa sauti, japo ya kunong'ona. Hana katika 1 Samweli 1 hakusikika, lakini midomo yake ilikuwa ikicheza, na hicho ndicho kinachomwamsha mtu.

Cha tatu ni saa yenyewe. Maombi yanayopangwa baada ya ugali wa usiku yana kazi ngumu. Wengi hung'ang'ania alfajiri kwa sababu ya Marko 1:35, Yesu alipoondoka mapema sana kwenda mahali pasipokuwa na watu. Luka 6:12 anaomba usiku kucha. Danieli aliomba mara tatu kwa siku. Zaburi 55:17 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Alfajiri ni saa nzuri kwa aliyelala. Mlinzi, muuguzi wa zamu ya usiku, mwoka mikate na dereva wa malori wana asubuhi yao, hata ikiangukia saa 8 mchana, na hawana haja ya kuomba radhi kwa hilo.

Kuna vyanzo visivyotajwa sana. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, za kifafa na za magonjwa ya akili huleta usingizi. Muulize aliyekupa kama saa ya kuzimeza inaweza kusogezwa, wala usiziache mwenyewe. Mimba changa pia huchosha sana.

Na wakati mwingine tiba ni kulala. Eliya, katika 1 Wafalme 19, aliomba afe. Malaika hakumhubiria: alimwamsha ale, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale tena. Safari ya Horebu ilikuja baada ya hapo.

Simama hapa: ukilala saa za kutosha kwa wiki mbili na bado unasinzia mchana, ukikoroma hadi pumzi kukatika, ukihema kwa kupanda ngazi chache, au ukiwa na kiu na mkojo usioisha, nenda kapimwe damu, sukari na shinikizo.

DALILI: MAWAZO YANATANGATANGA

Simu ndiyo ya kwanza kushukiwa. Jaribio ni rahisi: kwa siku 7 iache chumba kingine na utumie Biblia ya karatasi. Kama Biblia yako imo ndani ya simu, zima data na uiweke kimya kabla hujaifungua, maana ujumbe wa muamala ukiingia katikati ya Zaburi, Zaburi imekwishia hapo. Asiye na chumba kingine aiweke ndani ya sufuria, afunike, asogee mbali. Inachekesha lakini inafanya kazi.

Wa pili ni mambo halali ya siku: ada, rejesho la kikoba, kodi, mgonjwa. Kuyafukuza kunayaongezea nguvu. Weka kipande cha karatasi kando. Likija jambo, liandike kwa maneno mawili, rudi ulipokuwa. Jambo lile lile likija mara ya tatu, acha ulichokuwa ukiombea uliombee hilo. Huenda ndilo ombi lako la leo, na orodha uliyoishika ndiyo iliyokuwa ikikukatiza.

Wa tatu, na huyu hupuuzwa, ni kuomba kimya kichwani bila andiko. Akili isiyo na kitu cha kushika hushika chochote kipitacho. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Petro, maelezo marefu ya namna ya kuomba, akamkumbusha kwamba kinyozi anayeruhusu mawazo yazurure huku ameshika wembe anaweza kumkata mteja pua au koo. Njia aliyompa ni ya kukipitia kifungu kimoja cha Sala ya Bwana, cha Amri Kumi au cha Zaburi mara nne: kinanifundisha nini, kinanipa sababu gani ya kushukuru, kinanionyesha kosa gani la kuungama, kinanisukuma niombe nini.

Chukua "Utupe leo riziki yetu" uone inavyokwenda. Fundisho: riziki inayoombwa ni ya leo, na ni yetu, wala si yangu. Shukrani: jana kulikuwa na mboga, na jirani alitukopesha mkaa, mtaje jirani kwa jina. Toba: nilimnunia mtoto aliyeongeza sahani. Ombi: biashara ya leo itoke, na yule kijana aliyefukuzwa kazi mwezi uliopita apate kibarua. Dakika nne au tano zimepita, na mawazo yamekuwa na kazi muda wote. Luther aliongeza shauri ambalo watu wa ratiba ngumu hawalipendi: wazo jema likija katikati, acha hatua zilizobaki, tulia ulisikilize.

Wa nne ni kukosa faragha. Mathayo 6:6 inasema ingia katika chumba chako cha ndani, na familia ya watu sita iliyopanga chumba kimoja inauliza ni kipi hicho. Zipo njia. Kanisa Katoliki lililo karibu mara nyingi huwa wazi mapema kabla ya misa, na parokia nyingi zina siku ya kuabudu Ekaristi ambapo kukaa kimya kunaruhusiwa bila maswali. Mwendo wa miguu kwenda kazini unatosha. Kiti cha dirishani kwenye daladala kinatosha, bila spika za masikioni. Wanandoa wanaweza kupeana zamu, dakika 15 kwa 15, mmoja akiwashika watoto nje. Mama anayenyonyesha usiku ana muda ambao hakuuomba: mstari mmoja uliobandikwa ukutani kwa herufi kubwa, usomwe kila mtoto anapoamka, wiki nzima ule ule.

Mtu ambaye siku yake nzima inapita kwenye video fupi asitegemee akili itulie kwa dakika 20 mara moja. Aanze na 5, aongeze 2 kila wiki.

DALILI: NARUDIA MANENO YALE YALE

Kurudia peke yake si ugonjwa. Gethsemane Yesu aliomba mara ya tatu kwa maneno yale yale, na Zaburi 136 inarudia kiitikio kimoja katika mistari yake yote 26. Kinachokatazwa katika Mathayo 6:7 ni kupayuka-payuka kwa kudhani wingi wa maneno ndio unaosikiwa. Kagua hivi: ukimaliza kuomba, andika ulichosema. Kisha jiulize kama kuna sentensi hata moja ambayo isingeweza kuombwa na mtu mwingine yeyote mjini. Kama haipo, umekuwa ukiomba maombi ya watu wote kwa ujumla, na ndiyo maana yanakuchosha.

Kisababishi kikubwa ni kwamba hakuna kinachoingia, hivyo kinachotoka ni kile kile. Mpango mwepesi wa Zaburi unafuata tarehe. Tarehe 7 una Zaburi ya 7, 37, 67, 97 na 127: chukua tarehe, ongeza 30 mara nne. Zipitie kwa macho, chagua moja, iombe. Zote 150 zinaenea katika siku 30. Zaburi 119 inaangukia tarehe 29 na ina mistari 176. Iruke siku hiyo, uiweke kwa tarehe 31, fungu moja la mistari minane kila mara. Mafungu ni 22 na miezi ya siku 31 ni 7 kwa mwaka, kwa hiyo itachukua zaidi ya miaka mitatu. Hakuna haraka.

Kisababishi kingine ni kuiga sauti ya kanisani. Mwombezi wa ibada ana kazi ya kuongoza umati, ndiyo maana hujaza nafasi kwa "Baba katika jina la Yesu" kila baada ya maneno matano. Nyumbani hakuna umati. Jaribu siku moja kuomba kwa lugha unayomsemesha nayo mama yako, iwe Kichaga, Kiluo au Kisukuma. Wengi hugundua hapo kwamba walikuwa wakihutubia.

Kisha orodha. Orodha ya majina 60 inayosomwa kila siku inageuka rejista ya shule. Igawe: Jumatatu jamaa, Jumanne wagonjwa, Jumatano kazini na majirani, na kuendelea, majina yasizidi 7 kwa siku. Kila jina liwe na ombi moja mahususi na tarehe, na nafasi ya kuandika kilichotokea. Bartimayo alipiga kelele kuomba rehema, na bado Yesu alimwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Swali hilo liulize mbele ya kila jina.

Kwa anayesali rozari: zingatia kwamba matendo hubadilika kwa siku. Furaha ni Jumatatu na Jumamosi, Uchungu Jumanne na Ijumaa, Utukufu Jumatano na Jumapili, na Mwanga, yaliyoongezwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2002, ni Alhamisi. Anayekimbiza makumi matano ili amalize kabla ya maji kuchemka angesali kumi moja taratibu. Na kwa anayeomba kwa kunena kwa lugha tu, Paulo ameshatoa kipimo katika 1 Wakorintho 14:15: kwa roho, na kwa akili pia.

DALILI: SISIKII KITU, KAMA NAONGEA NA UKUTA

Hapa ndipo watu huumia zaidi, na ndipo ushauri wa haraka hufanya madhara zaidi. Fuata mpangilio.

Kwanza uchovu na njaa. Mwisho wa mwezi wa hesabu, wiki za mitihani, mwezi wa kwanza wa mtoto mchanga: hisia zimekwisha kwa kila jambo, na maombi yamo humo. Subiri mzigo upungue ndipo upime.

Pili, mazoea ya spika. Aliyejifunza kuomba penye kinanda, kwaya na watu 300 wanaopaza sauti amezoea mwili wake kusisimka. Chumbani hakuna kinanda, na ukimya unaonekana kama kutokuwepo kwa Mungu. Haupaswi kujazwa na nyimbo za simu kila siku. Kaa nao dakika 2 mwanzoni, kisha soma. Baada ya wiki kadhaa ukimya huacha kutisha.

Tatu, ugomvi au dhambi inayojulikana. Jiulize: nani nisingependa kukutana naye njiani leo? Jina likija papo hapo, umepata pa kuanzia. Mathayo 5:23-24 inamtaka mtu aiache sadaka yake madhabahuni akapatane kwanza, Marko 11:25 inataka msamaha kabla ya kuomba, na 1 Petro 3:7 inawaonya waume wazi kwamba kumdharau mke kunazuia maombi. Mstari huu hausomwi mara nyingi kwenye semina za wanaume. Ungamo liwe na jina na kiasi. Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza kuwaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walijulikana kwa hilo: walitaja kosa lenyewe, wakarudisha walichoiba. "Nisamehe niliyoyatenda kwa kujua na kutokujua" haitoi mwiba ambao mtu anaujua ulipo. Lakini weka kikomo: dakika 10 za kujichunguza kwa siku zinatosha. Lisipokuja lolote, acha kuchimba. Si kila ukavu una mzoga chini yake.

Nne, majonzi. Aliyefiwa huweza kukaa miezi bila neno la kuomba. Apewe Zaburi 13, inayoanza kwa kuuliza "hata lini", na Zaburi 88, ambayo inaishia gizani bila kugeuka. Zimo ndani ya Biblia kwa watu wa hali yake. Kumwambia asifu tu ni kumwongezea mzigo.

Tano, ukavu ambao ni hatua ya safari. Mtawa wa shirika la Wakarmeli huko Hispania, Yohane wa Msalaba (1542–1591), alitoa alama tatu za kuutambua, na akataka zote zionekane pamoja. Ya kwanza, mtu hapati ladha katika mambo ya Mungu, na vilevile hapati ladha katika vitu vingine. Anayekosa hamu ya sala huku mpira na umbea vinamnogea, tatizo lake liko kwingine. Ya pili, mtu huyo anahuzunika akidhani anarudi nyuma na hamtumikii Mungu. Aliyepoa kweli hajali. Ya tatu, hawezi tena kutafakari kwa mawazo na picha kama zamani, hata akijitahidi. Alama hizo zikiwepo, usijilazimishe kurudisha mtindo wa zamani. Kaa mbele za Mungu kwa maneno machache, na utafute padre au mchungaji mzoefu, kwa sababu Yohane mwenyewe alijua kwamba huzuni ya kimwili inaweza kujichanganya humo. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha alivyoishi karibu nusu karne katika ukavu wa namna hiyo huku akiamka kusali kila siku.

Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, ana kanuni mbili za vipindi hivi. Usibadilishe wakati wa ukavu uamuzi ulioufanya ukiwa mtulivu: usihame kanisa, usiache huduma, usivunje nadhiri wiki hiyo. Na kishawishi kikikutaka upunguze muda wa sala, ongeza kidogo. Kidogo maana yake dakika 1 au 2. Kuongeza saa mbili ni kishawishi kingine kilichovaa kanzu.

DALILI: DAKIKA HAZISOGEI

Hii ni ya zamani. Evagrio, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alieleza jinsi uchovu wa adhuhuri unavyomfanya mmonaki atazame jua tena na tena kuona kama imefika saa tisa, saa tisa hii hii tunayoihesabu sisi, ambayo ndiyo ilikuwa ya kula. Dawa yake ni kubaki ulipo. Weka alamu ikuambie muda umekwisha, saa uiweke mgongoni, na usiinuke kabla haijalia. Kama kila siku ni vita, pengine muda ni mrefu mno kwako kwa sasa. Upunguze siku ya kupanga, kamwe usiupunguze ukiwa katikati ya sala.

DALILI: NILIANZA VIZURI, NIMEACHA

Mpango ulikuwa mkubwa kuliko maisha. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, hivyo kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu hadi nne kila siku. Aliyeanza Januari Mosi anaingia Mambo ya Walawi mwishoni mwa mwezi huo huo, ndipo wengi huachia. Ukikosa siku nne unadaiwa sura kama 13, na deni hilo ndilo linalokufanya uikwepe Biblia yenyewe. Lifute. Soma ya leo, kwa tarehe ya leo.

Weka kiwango cha chini ambacho hata siku ya homa kinawezekana: Baba Yetu moja taratibu na sentensi moja ya kwako. Kibandike kwenye jambo linalotokea kila siku bila kukumbushwa, kama vile kabla ya kufungua kibanda, au chai ikiwa inapoa. Nehemia aliomba katikati ya swali la mfalme na jibu lake, na ombi hilo linahesabika.

Umeacha kwa miezi? Usianze na mfungo wala nadhiri. Anza kesho, dakika 5, Zaburi ya tarehe.

DALILI: NAOMBA, SIJIBIWI

Kagua kama ombi limekaa wazi kiasi cha kujua likijibiwa. "Nibariki" haina namna ya kupimwa. Kisha kagua kama jibu ni kazi unayoikwepa: anayeombea ajira na hajatuma barua hata moja anajua la kufanya. Yakobo 4:3 inagusa nia. Yakishapita hayo, inabaki kungoja, na hapo Luka 18 inaendelea kumsifu mjane asiyechoka, wakati 2 Wakorintho 12 inamwonyesha Paulo akiomba mara tatu mwiba uondoke na kupewa neema badala yake. Zote mbili ni Maandiko, na haijulikani mapema ipi ni yako.

Simama hapa: ukiambiwa ombi limekwama mpaka utoe kiasi fulani cha fedha, ununue mafuta au maji, au ulete nguo ya ndani ikaombewe, ondoka. Ukiambiwa usimweleze mwenzi au ndugu, ondoka mbio.

DALILI: NIKIKOSEA NENO NARUDIA TOKA MWANZO

Mtu anarudia sala kwa sababu alifikiri kitu kibaya katikati, anaungama kosa lile lile kila siku, anaogopa kwamba asipomaliza idadi fulani mtoto atakufa. Tatizo hili huweza kuchochewa na mafundisho ya hofu, na linarekebishwa kwa sheria ngumu kidogo: hakuna kurudia, hata ukidhani umekosea. Dhambi iliyoungamwa mara moja imeungamwa. Chagua mshauri mmoja tu na umtii. Wenye tatizo hili huzunguka kwa wachungaji watano wakitafuta uhakika, na uhakika wa juzi haufiki kesho. Ignasi mwenyewe aliteswa hivi kule Manresa, Hispania, mwaka 1522 hadi akafikiria kujitupa shimoni. Kurudia kukikula saa nzima kwa siku au kukikuzuia kazi, huo ni ugonjwa unaojulikana hospitalini na una matibabu.

PA KUSIMAMA NA KUMWITA MTAALAMU

Nenda hospitali, leo, ukiwa na mawazo ya kujiua au kuumiza mtu, au ukisikia sauti zinazokuamuru. Usikae peke yako ukingoja mkesha wa Ijumaa. Mwambie mtu mmoja aliye karibu akusindikize.

Nenda wiki hii kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumefikisha wiki mbili, usingizi umevurugika, chakula hakipiti, unajiona huna thamani. Hiyo inaweza kuwa sonona. Mchungaji mzuri atakuombea na kukupa nauli.

Usifunge bila ruhusa ya daktari kama una kisukari, vidonda vya tumbo au kifafa, kama ni mjamzito au unanyonyesha, au kama unatumia dawa za TB au za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa hazikatizwi kwa sababu ya mfungo wowote, wala kwa unabii wowote. Watoto wasifungishwe. Mfungo wa kukataa hata maji usifanywe na mtu yeyote bila usimamizi. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Anayekutenga na ndugu zako, akakukataza hospitali na kukuongezea siku za kufunga, usijadiliane naye, ripoti.

Anayepigwa nyumbani na kuambiwa aendelee kuomba tu, aombe akiwa mahali salama. Tanzania vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Maombi ya kumbadilisha mume yanaweza kuendelea ukiwa nyumbani kwa dada yako.

Kwa mengine yaliyobaki, mtaalamu ni padre, mchungaji, mtawa au mzee wa kanisa mwenye sifa mbili: anatunza siri, na yeye mwenyewe anaonekana anaomba. Mwombe saa moja kwa mwezi. Na ukifika kwa daktari, mwambie waziwazi umefunga siku ngapi, umekesha mara ngapi, na dawa gani umeziacha na tangu lini. Asipoambiwa atapima damu ya mtu mwenye njaa na kutibu ugonjwa usiokuwepo.